Uwanja wa Wanyonyi

Amalemba, Kakamega
11 Machi 1979

Mwanangu Awinja,

Barua yako ilifika Jumatano. Tumefurahi kusikia kwamba huko Nakuru sasa mmeanza kuingia wodini. Mama yako aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti karibu na dirisha ili majirani wasikie kwamba binti yake anasomea uuguzi.

Huku ni miwa tu. Watu wameng'oa migomba na kupanda miwa hadi mlango wa jikoni, na unga wananunua dukani. Mimi silalamiki. Kila trela la miwa linalovunjika ekseli huletwa karakanani kwangu, na kwa barabara hizi hayakosi kuvunjika. Bila miwa hii ningekuwa bado naziba pancha za baiskeli, wala nisingethubutu kuunda ndege.

Ndege inaendelea vizuri. Mabawa yote mawili yamevishwa kitambaa. Mama yako alishona mshono mrefu kuliko wote aliowahi kushona, na alipomaliza akasema nikianguka watu wasije wakasingizia uzi wake. Injini ni ile niliyoinunua Kisumu, kwa klabu iliyonifundisha kuruka, baada ya ndege yao moja kuvunjika vibaya. Mwalimu wangu Kipkemboi alikuja kuikagua. Aligonga mbao za bawa kwa kidole, moja baada ya nyingine, akisikiliza. Hakusema ni nzuri. Alisema, "Endelea." Kwa Kipkemboi hiyo ni sifa.

Tutairushia Likuyani, kwa rafiki yangu Wanyonyi. Ametenga ukanda wa shamba lake la mahindi, mita mia saba, akaupanda nyasi, na banda la kuwekea mahindi amenipa niweke ndege. Mkewe Rosebella alimwuliza kama mwaka huu nyumba itakula nyasi. Wanyonyi akamjibu kwamba hawezi kuwa na rafiki mwenye ndege halafu amwambie atue kwa jirani.

Unauliza habari za kichwa changu. Kidonda cha ule mnyororo wa trela ulionipiga Desemba kimepona, na nywele zimeota juu yake. Usikifikirie tena.

Baba yako,
Chrispinus Andati


Nakuru
2 Aprili 1979

Baba mpendwa,

Wenzangu hawaamini nikiwaambia baba yangu anaunda ndege. Mmoja aliniuliza kama ni ya kuchezea watoto. Nikamwambia ina viti viwili, usukani kila upande, na mkaguzi ametoka Nairobi kuiangalia.

Kuhusu kichwa, baba, nywele kuota si kupona. Ulilala bila fahamu tangu asubuhi hadi jioni siku ile. Ningependa daktari akuangalie tena, hata kama husikii maumivu. Hapa wodini kuna mzee aliyegongwa na mti miaka miwili iliyopita na matatizo yake yameanza mwaka huu.

Msalimie mama. Mwambie kofia aliyonifumia imenisaidia sana, asubuhi za huku zina baridi.

Mwanao,
Awinja


Amalemba
22 Julai 1979

Mwanangu Awinja,

Nimeruka.

Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi, kabla upepo haujaanza. Kipkemboi alitaka airushe yeye kwanza na mimi nikakataa. Nilimwambia kama kuna kosa ndani yake ni langu, basi na linikute mimi. Wanyonyi alisimama mwisho wa nyasi na ndoo ya mchanga, eti ya kuzima moto. Nilipofika katikati ya uwanja magurudumu yakaacha kupiga kelele, na hapo ndipo nilipojua. Sikusikia furaha wakati ule. Nilisikia kama mtu aliyeambiwa nyamaza.

Jumapili niliteremka nayo hadi juu ya Kakamega. Awinja, huwezi kujua miwa ni mingi kiasi gani mpaka uione kutoka juu. Imepangwa mistari kama nywele zilizosukwa, hadi macho yanapoishia. Nilitafuta mahali ambapo hapana miwa, nikaona msitu, na uwanja wa kanisa, na makaburi. Nilipita juu ya nyumba yetu. Mama yako alitoka na mwiko mkononi. Hakupunga. Alisimama tu akitazama juu mpaka nilipoondoka.

Sasa nina swali, wewe uliye karibu na madaktari. Ni kuhusu Mukhwana, yule fundi wangu wa kuchomelea vyuma. Siku hizi anaweza kuwa anafanya kazi vizuri, halafu anatulia. Macho yako wazi, lakini ukimwita hasikii. Vidole vinachezacheza na vifungo vya shati. Baada ya muda kidogo anarudi, na hajui kwamba alikuwa ameondoka. Hilo kwenu linaitwaje, na linatibiwa na nini? Usilitangaze, Mukhwana ni mtu wa haya.

Baba yako,
Chrispinus Andati


Nakuru
5 Agosti 1979

Baba mpendwa,

Nilisoma mwanzo wa barua yako nikiwa nimesimama na mwisho wake nikiwa nimekaa. Hongera, baba. Ningependa ningekuwa mwisho wa zile nyasi pamoja na Baba Wanyonyi.

Nilimwuliza daktari kuhusu Mukhwana bila kutaja jina. Anasema ni aina ya kifafa. Watu wengi wanadhani kifafa ni mpaka mtu aanguke na kutoa povu, lakini kuna hiki kisichoangusha. Kinaweza kumjia mtu mzima aliyeumia kichwa. Kuna vidonge vyake, vya kumeza kila siku bila kuruka hata siku moja, na wengi vinawasaidia. Lakini mpaka vimtulize kwa muda mrefu, Mukhwana asishike moto wa kuchomelea, asipande ngazi, asiendeshe chochote. Tafadhali mpeleke hospitali wiki hii.

Je, Mukhwana naye aliwahi kuumia kichwa?

Mwanao,
Awinja


Amalemba
30 Septemba 1979

Mwanangu Awinja,

Asante kwa maelezo. Mukhwana nimempa likizo na sasa amepona.

Ndege imekamilisha saa ishirini angani. Wanyonyi amekuwa abiria wangu kila safari. Ajabu ni kwamba mtu huyu anaogopa hata ngazi ya kupandia ghala. Anafunga mkanda, anashika magoti yake, na hazungumzi mpaka tutue. Nimemfundisha kidogo usukani wa upande wake, anataka sana kuujua. Wiki iliyopita alinikasirisha. Nilikuwa nazunguka kurudi uwanjani, yeye akaukamata usukani ghafla na kuivuta ndege juu. Tulipotua nikamwuliza ana wazimu gani. Akasema, "Ulikuwa umeipitisha mahali pa kukata kona, na miti ilikuwa inakuja." Nikamwambia miti haiji, ni sisi tunaoiendea, na kwamba nilikuwa nimeiona.

Mwoga ukimpa usukani hukuletea shida. Lakini ni rafiki yangu.

Mama yako anauliza kama utakuja Krismasi.

Baba yako,
Chrispinus Andati


Nakuru
9 Januari 1980

Baba mpendwa,

Nimefika salama. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi.

Siku ya Krismasi, tukiwa mezani, mama alikuwa anakuambia habari za mbuzi wa jirani. Ulikuwa na tonge la obusuma mkononi. Ukatulia. Macho yalikuwa wazi. Mkono wa kushoto ukaanza kuchezea kifungo cha shati. Mama aliendelea kuzungumza huku akikuangalia, na hapo nikajua kwamba amezoea. Mimi nilihesabu. Nilifika ishirini na sita. Halafu ukatia tonge mdomoni na kuuliza, "Mbuzi gani?"

Mukhwana nilimkuta karakanani siku iliyofuata. Nilimpa pole ya ugonjwa. Akashangaa, akasema hajawahi kulala hospitali tangu azaliwe wala hukumpa likizo yoyote.

Baba, sikulaumu kwa kutumia jina la mtu mwingine. Ila sasa najua, na siwezi kujifanya sijui. Yale niliyoandika juu ya Mukhwana ni yako. Wacha ndege kwa sasa. Njoo Nakuru, nitakaa nawe kwa daktari, hakuna atakayejua. Ukitulia miezi mingi bila kupotea, tutauliza kama unaweza kurudi.

Nimekupigia magoti kwa karatasi hii.

Mwanao,
Awinja


Amalemba
20 Januari 1980

Awinja,

Nimesoma. Barua yako nimeichoma jikoni, kwa sababu mama yako husoma kila kitu.

Unajua mtu wa kifafa anafanywa nini huku. Kikombe chake huwekwa kando. Hakuna anayemgusa akianguka, wanasema yale mate yatakupata. Wateja wangu wakisikia neno hilo, trela zao watapeleka kwingine, na wewe mwenyewe ukifikia kuolewa watauliza ukoo wenu una nini. Ulifikiria hayo ulipokuwa unahesabu?

Tena si kila siku. Na kinapokuja nakijua. Nasikia kwanza harufu ya miwa inayoungua, kali, ndani ya pua. Nikiisikia nikiwa juu nitampa Wanyonyi usukani. Daktari wa leseni aliniuliza kama nimewahi kuzimia, nikasema hapana, na sikudanganya, kwa sababu sizimii.

Nimelala chini ya trela za watu miaka ishirini na miwili, grisi ikinidondokea machoni. Hiki ni kitu kimoja nilichokifanya ambacho hakuna aliyeniagiza nikifanye. Usikiguse.

Baba yako


Nakuru
3 Februari 1980

Baba mpendwa,

Nimekusikia.

Neno moja tu. Unasema utaijua kwa harufu ya miwa inayoungua. Kwetu wakati wa kuvuna, ni siku gani ambayo harufu hiyo haipo? Utajuaje ni ipi iliyo ndani ya pua yako na ipi inayotoka shambani?

Sitalizungumzia tena. Niwie radhi kwa kukukasirisha. Msalimie mama.

Mwanao,
Awinja


Amalemba
18 Mei 1980

Mwanangu Awinja,

Wamenizuia kuruka. Barua imetoka Nairobi kwa wakubwa wa mambo ya ndege. Wanasema wamepata habari, kutoka kwa mtu aliye karibu nami, kwamba hupoteza fahamu. Leseni imesimamishwa mpaka nikapimwe na madaktari wao. Wameeleza kila kitu, hata vidole na vifungo.

Sikuhitaji kufikiri sana. Anayekaa karibu nami angani ni mmoja. Nilikwenda Likuyani siku ileile na barua mkononi. Wanyonyi alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimpa akaisoma. Ilimchukua muda mrefu. Nikamwambia, "Ulitaka ndege ibaki bandani mwako iwe yako. Ungesema tu." Nilisema na mengine, mbele ya Rosebella, mengine ambayo siwezi kukuandikia. Nilitarajia akatae. Hakukataa wala hakukubali. Alinikunjia barua vizuri, akanirudishia, akaenda akafungua mlango wa banda.

Tuliyatoa mabawa, tukaipakia ndege kwenye trela la miwa, tukaileta Amalemba. Iko uani chini ya turubai. Watoto wa shule wakipita wanachungulia kwenye ua. Wanyonyi alitusaidia kupakia mpaka kamba ya mwisho, bila neno. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Umekuwa mtoto mwema kwa kunyamaza. Ningelidhani ni wewe kama usingeniahidi.

Baba yako,
Chrispinus Andati


Likuyani
2 Juni 1980

Kwa binti yetu Awinja,

Hujambo. Mimi si mwandishi mzuri lakini nimeona afadhali niandike mwenyewe kuliko kumtuma mtu.

Baba yako alikuja hapa na ile barua. Niliposoma nilijua ni wewe. Sijamwandikia mtu yeyote mimi, na walioona ni wachache. Pia nilikumbuka vile ulikuja hapa baada ya Krismasi ukaniuliza kilichotokea siku ya ile miti, na nikakuambia ukweli. Baba yako hajui ulikuja.

Sikumwambia kwamba si mimi. Kama si mimi, angeuliza ni nani, na angefika kwako. Mtu akikosana na rafiki anaweza kukaa. Akikosana na mtoto wake mmoja tu, atakaa na nani? Kwa hivyo nimeamua ibaki hivi. Usimwambie. Mimi ni mtu mzima, nitavumilia.

Nataka ujue jambo lingine. Hiyo barua ni mimi nilipaswa kuandika. Nilimwona akipotea mara nne tukiwa juu. Nilikuwa naogopanga ile ndege sana. Lakini nilikuwa napandanga naye kila mara kwa sababu nilisema akipotea, angalau mkono wangu uko hapo. Nikaona huo ndio urafiki. Haukuwa urafiki, ulikuwa uoga wa kumwambia. Wewe mtoto umenishinda.

Soma kwa bidii. Rosebella anakusalimu.

Ni mimi,
Wanyonyi


Nakuru
14 Juni 1980

Baba Wanyonyi,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kila nikianza kumwandikia baba ukweli, kalamu inakataa, halafu naona aibu kwa vile ninavyofurahi kwamba umenikataza.

Nipe muda. Nikimaliza mtihani wa mwisho nitakuja nyumbani, nitamwambia uso kwa uso, na nitakuja naye Likuyani. Mpaka wakati huo nisamehe kwa kukuachia mzigo wangu.

Binti yako,
Awinja


Amalemba
1 Novemba 1980

Mwanangu Awinja,

Mama yako anasema nikuandikie, eti unauliza kwa nini niko kimya. Sina habari.

Nairobi sikwenda kupimwa. Nikienda wataandika neno lile kwenye karatasi na litabaki. Kipkemboi alikuja kuniuliza kuhusu ndege, nikamwambia haiuzwi. Mvua imepenya chini ya turubai na kitambaa cha bawa la kulia kimeanza kulegea. Sijakigusa.

Juzi Rosebella alikuja na ingokho, kuku jogoo mkubwa, ametumwa na mumewe. Alisema Wanyonyi anakohoa lakini angependa nifike. Nilimwambia amrudishie kuku wake. Alikaa kidogo pale mlangoni na kuku kwapani, akitaka kusema kitu, halafu akaondoka. Mama yako hajanisemesha tangu siku hiyo ila kwa mambo ya chakula.

Sijui kwa nini nakuambia hayo.

Baba yako,
Chrispinus Andati


Amalemba
16 Februari 1981

Awinja,

Wanyonyi amekufa. Kilikuwa kifua, alikawia kwenda hospitali. Wamemzika Jumamosi. Mama yako alikwenda na akina mama wa kanisa.

Mimi sikwenda. Nilikuwa na trela la watu la kumaliza.

Baba yako


Nakuru
24 Februari 1981

Baba,

Ni mimi niliyeandika Nairobi. Si Wanyonyi. Hakuwahi kumwandikia mtu yeyote.

Siku ile nilipokuandikia kwamba sitalizungumzia tena, juu ya meza palikuwa na bahasha mbili. Moja ilikuwa yako. Nilizipeleka posta pamoja. Niliandika juu ya vidole na vifungo kwa sababu nilitaka waamini, na kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa kuandika juu ya mgonjwa. Sikufikiri kwamba watakutumia maneno yangu yenyewe.

Wanyonyi alijua tangu siku uliyokwenda kwake. Alinyamaza ili usinichukie. Naiweka barua yake ndani ya hii. Isome, lakini tafadhali usiichome. Ni yangu, na sina nyingine kutoka kwake.

Nilipanga kukuambia baada ya mtihani. Nilijiambia kwamba kuna muda. Kila mwezi nilijiambia hivyo, nikala, nikalala, na yeye alikuwa anakohoa huko. Hilo siwezi kukuomba uniondolee.

Lakini barua ya Nairobi, baba, sitasema najutia. Kama ningekuwa nayo leo mezani ningeituma tena. Ulikuwa ukimkalisha mtu kando yako angani, naye anaogopa ngazi ya ghala, na wewe ungemuua bila kujua kwamba umemuua. Nilichokosea ni kuficha mkono wangu.

Niko hapa. Nitapokea lolote utakalosema.

Awinja


Amalemba
12 Aprili 1981

Mwanangu Awinja,

Mimi ni mama yako Pascalia. Najua umengoja barua kwa wiki saba. Sikuandika mapema kwa sababu sikuwa na la kukuandikia, baba yako hakuwa hapa.

Barua yako aliisoma akiwa amesimama uani karibu na ndege. Alipomaliza ile ya Wanyonyi aliikunja, akaitia mfuko wa shati. Nilimwuliza kuna nini. Akanipa zote mbili nikazisoma. Mimi nilikuwa najua habari ya ugonjwa, mwanangu, tangu mwaka wa mnyororo. Nilikuwa nasogeza moto na visu mbali naye, nikajiambia hiyo inatosha. Kwa hivyo usidhani ni wewe peke yako uliyenyamaza katika nyumba hii.

Asubuhi yake alivaa koti la kanisani akapanda basi la Likuyani. Alikaa huko wiki tano. Nimeyajua haya kwa Rosebella, kwa sababu yeye mwenyewe hasimulii.

Alifika akamwambia Rosebella, "Nimekuja nimechelewa." Rosebella akamwonyesha kaburi, halafu akamwonyesha ule ukanda wa nyasi. Baba yako alidhani utakuwa umelimwa zamani. Haukuwa umelimwa. Wanyonyi alikuwa ameufyeka nyasi misimu yote miwili, akakataa kupanda hata mstari mmoja wa mahindi. Rosebella alikuwa akigombana naye juu ya hilo. Alikuwa akimjibu, "Andati akitibiwa atarudi. Atatua wapi?"

Rosebella anasema baba yako alikaa pale kwenye nyasi mpaka ng'ombe wakarudishwa nyumbani. Siku ya pili akaomba ng'ombe wa kulimia na plau. Rosebella akamwambia si lazima. Akasema mvua zinakaribia na nyumba haina mwanamume wa kulima. Alilima uwanja wote, mita mia saba, yeye akishika plau na Kimutai, jirani yao, akiongoza ng'ombe. Nyasi za miaka miwili zina mizizi. Mikono yake ilichubuka.

Siku ya nne kilimjia katikati ya mtaro. Alisimama, plau ikamponyoka, ng'ombe wakaendelea nayo. Watu walikuwa barabarani wakitoka sokoni, na wengine waliondoka mbio, unavyojua. Rosebella alikwenda akamshika mkono, akasimama naye mbele ya wote mpaka akarudi. Akamwambia, "Shemeji, ulikuwa umepotea. Sasa umerudi, maliza mtaro." Baba yako alilia, Awinja. Rosebella anasema hajawahi kumwona mwanamume mzima akilia hivyo, hata siku ya mazishi.

Walipomaliza kupanda alijipeleka mwenyewe hospitali, akasema ana kifafa, akalitaja neno hilo kwa mdomo wake. Anameza vidonge asubuhi na jioni. Vinamfanya mzito, anasinzia mchana, na matendo yake yamekuwa ya polepole. Mukhwana ndiye anayelala chini ya trela sasa. Wateja wawili wametuacha, na jirani mmoja ameacha kunywa chai kwetu. Kipkemboi amekuja na wenzake wakachukua ndege. Baba yako aliwasaidia kufunga kamba. Walipoondoka alifagia pale ilipokuwa, halafu akaingia ndani akalala.

Juu yako hasemi mengi. Jana nilimwuliza kama uje nyumbani ukimaliza mtihani. Akasema, "Nyumba ni ya mama yake pia." Nikamwuliza kama amekusamehe. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani amepotea tena, kumbe alikuwa anafikiri. Akasema yeye hajui ni nani anayepaswa kumsamehe nani, na aliyejua amezikwa.

Barua ya Wanyonyi bado iko mfukoni mwake. Hajaichoma. Anasema atakurudishia, lakini si sasa.

Nilipoanza kuandika hapa mezani aliniambia nisikupe salamu zake, kwa hivyo sikupi. Lakini nilipokwenda kutafuta stempu nilirudi nikakuta bahasha imeshaandikwa. Mwandiko ulio juu yake si wangu, umeuona.

Mama yako,
Pascalia